Mikono Isiyosikia Moto

Mkuyuni, Mwanza
9 Julai 1995

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia marahaba, lakini sijui kuanza na neno jingine.

Huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani. Niliondoka udongo wa kaburi lako ukiwa haujashuka vizuri. Baba alinisindikiza mpaka migomba inapoishia, akasema, "Nenda ukatafute." Hakusema nikatafute nini. Kahawa ilikuwa haina bei, na kila kijana wa rika langu alikuwa anavuka ziwa kuja kwenye viwanda vya sangara. Nami nikavuka.

Naandika polepole. Kalamu naiona mkononi lakini siisikii vizuri, kwa hiyo lazima niitazame muda wote. Nikitazama pembeni inadondoka. Usishangae mwandiko. Unakumbuka nilipoacha shule darasa la sita, mwalimu alisema kichwa changu ni kizito ila mwandiko wangu utanifaa. Sasa hata huo umeondoka.

Mama, nimejua kilichokuua. Ndiyo sababu ya barua hii. Kuna jambo jingine pia, la binti yako Koku, lakini nitalifikia. Nikianza nalo sitamaliza.

Kiwanda nilichopata kibarua kipo karibu na maji. Sangara wanaingia mlango mmoja wakiwa wazima, wanatokea mlango mwingine wakiwa minofu ndani ya maboksi, wanapelekwa uwanja wa ndege, wanakwenda Ulaya. Huku yanabaki mapanki, yaani vichwa na mifupa, ndiyo mboga ya watu wa hapa. Nilianza kwa kubeba kreti kichwani. Nikikohoa chini ya kreti niliona giza, kisogo kinauma kama kinapasuliwa na shoka. Sikumwambia mtu. Ukisema unaumwa, nje ya geti kuna watu wengi wamesimama wanangoja jina lako lifutwe, wengine ni mafundi wazima waliopunguzwa kwenye viwanda vya serikali. Niliomba tu kazi ya kusimama mahali pamoja, wakanipeleka kwenye barafu.

Kazi ya barafu hakuna anayeitaka. Unapanga safu ya minofu, safu ya barafu iliyosagwa, tangu zamu inaanza mpaka inakwisha. Glovu zilikuwepo ila zimetoboka. Wenzangu walikuwa wanatoa mikono kila mara, wanaipuliza, wanaiweka kwapani, wanatukana. Mimi nilisikia kwamba nimeshika kitu, sikusikia kwamba ni baridi. Msimamizi wetu, Msukuma mmoja anaitwa Masanja, mtu wa utani, alisimama nyuma yangu akawaambia wenzangu, "Nyie mnalia baridi, mtazameni huyu Mhaya. Damu yake ya sangara." Mmoja akadakia, "Wahaya hao, wanajidai mpaka kwenye barafu." Tangu siku hiyo jina langu likawa Barafu.

Nilifurahi, Mama. Mtu kama mimi hasifiwi mara nyingi. Na nilijua nimeitoa wapi sifa hiyo. Nilikuwa nimekuja Mwanza na mikono yako.

Nani kule kwetu asiyejua mikono yako? Bibi alikuwa anasimulia kwamba ulipoletwa kama bibi harusi, siku ya kwanza jikoni, uliepua sufuria ya ndizi motoni bila kitambaa, bila jani, ukaitua chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Bibi alitoka nje akaita majirani. Baada ya hapo hakuna harusi wala msiba uliopikwa bila wewe. Sufuria zile kubwa zikichemka, watu walisema, "Mwiteni Ma Adela." Ulikuja unajifunga khanga, unashika masikio mawili ya sufuria, unainua. Watoto tulikuwa tunasukumana tukuone. Mimi na Koku tulikuwa tunawaambia watoto wengine, "Mama yenu anaweza?" Siku ya mazishi yako mwenyewe wanawake walihangaika na magunia mabichi na majani ya mgomba, sufuria moja ikamwagika, Ma Justina akasema huku analia, "Adela, na leo umetuachia kazi yako." Watu walicheka kidogo. Hata Baba.

Nikueleze sasa ilivyokuwa.

Mwaka juzi walinihamishia meza ya visu nizibe nafasi ya mtu aliyekuwa mgonjwa. Tukiwa katikati ya kazi Masanja akapaza sauti, "Nani anavuja?" Trei yote ya minofu ilikuwa na damu. Kila mtu akaangalia mikono yake. Mimi sikuangalia yangu. Ningeangalia nini, na sikuumia? Mwanamke aliyesimama mbele yangu, anaitwa Nyanzala, ndiye aliyesema, "We Barafu, kidole chako kinaning'inia."

Wakanipeleka zahanati ya jirani. Mganga alikuwa mzee wa Kijita, mpole. Akasema dawa ya ganzi imekwisha, nivumilie. Akaanza kushona. Nilikuwa namtazama anavyopitisha uzi, namsimulia habari za kiwandani. Akaacha kushona.

"Huumii?"

"Siumii, mzee. Ukoo wetu ndivyo ulivyo. Mama yangu alikuwa anaepua sufuria za harusi kwa mikono mitupu."

Nilisema nikiwa nimeinua kichwa. Yule mzee akaiweka sindano kwenye sahani.

"Unasema alikuwa. Yuko wapi sasa?"

Halafu akaniambia nikohoe. Kabla sijakohoa mikono yangu miwili ilikuwa imekwishashika kisogo. Akauliza, "Na mama alikuwa anashika hivyo?" Mama, miaka yote ile hakuna mtu aliyekuwa ameuliza. Wewe ukitaka kupiga chafya unaacha kila kitu, unashika kisogo kwa viganja viwili, unafumba macho. Tulikuwa tunakuigiza. Baba akianza masimulizi yake ya kuchekesha ulikuwa unainuka unatoka nje, na kama hukuwahi unamwambia, "Usinichekeshe, kisogo kitapasuka." Tulidhani ni maringo ya kwenu.

Nikamjibu yule mzee ndiyo. Akamaliza kushona, akaniandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa ile ya kilimani.

Huko daktari alinifumbisha macho. Alikuwa na vichupa viwili, kimoja maji ya moto, kimoja maji baridi. Anakigusisha kwenye mkono wangu, anauliza, "Moto au baridi?" Nikawa nabahatisha. Kwenye paji la uso nilipatia, kwenye miguu nilipatia. Mikononi na mabegani hakukuwa na kitu, kama vile nimevaa koti la mtu mwingine. Akaniambia hapa hakuna mashine ya kupiga picha inayotakiwa, nikapanda treni mpaka Dar es Salaam. Wakanichoma dawa mgongoni, wakanilaza, wakapiga picha ya kichwa na shingo.

Ugonjwa unaitwa Kiari. Hauambukizwi, na si kitu cha kutupiwa na jirani. Mtu anazaliwa nao. Pale fuvu linapokutana na shingo kuna tundu ambalo uti wa mgongo unapita. Kwa mtu kama mimi nafasi ya nyuma ya fuvu ni ndogo, ubongo wa nyuma unabanwa, ncha yake inashuka na kuziba lile tundu kama gunzi linavyoziba mdomo wa kibuyu. Kuna maji yanayozunguka ubongo na uti. Ukikohoa, ukicheka sana, ukibeba mzigo, yale maji yanasukuma na hayana pa kupita. Ndiyo maumivu ya kisogo. Miaka ikienda, maji yanajitengenezea mfuko ndani ya uti wenyewe, na ule mfuko unaanza kwa kuua njia zinazopeleka habari za moto, za baridi na za maumivu. Kushika unashika. Kuungua unaungua. Habari ndiyo haifiki.

Nilimwomba daktari arudie hapo. Akarudia.

Kwa hiyo hukuwa na mikono ya chuma, Mama. Ulikuwa unaungua kama mtu mwingine yeyote. Yale makovu ya viganjani tuliyokuwa tunayapapasa ukitubembeleza kulala, na wewe unasema ni ya kazi, yalikuwa majeraha kweli. Kila harusi tuliyokushangilia ulikuwa unaungua mbele yetu, na vigelegele vinapigwa.

Niliacha kuandika jana, naendelea leo.

Nilimweleza daktari mengine yote. Walivyokupiga chuku kisogoni, na zile chale shingoni. Ulivyoanza kuyumba ukienda kisimani, watu wakasema unakunywa pombe ya rubisi kwa siri, mpaka Baba akapekua nyumba kutafuta kibuyu na hakukiona. Ulivyoanza kupaliwa, ukawa unajipondea ndizi kama za mtoto, unakula mwisho kabisa, peke yako, ili tusikuone unakohoa. Sauti yako ilivyokauka mpaka ukaacha kuimba kanisani. Na asubuhi ile ambayo hukuamka, na Baba akasema umelala tu, tusikusumbue. Daktari alisikiliza yote. Alisema asiyempima mtu hawezi kuapa, lakini angekuwa anaweka dau angeliweka hapo.

Walinipasua Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka jana. Wenzangu wa zamu walinichangia, Masanja alipita na kofia yake, hata waliokuwa wananionea wivu walitoa. Wanakunyoa nyuma ya kichwa, wanakata kipande cha mfupa, wanapanua lile tundu ili ubongo upate nafasi na maji yapite. Daktari aliniambia mapema, "Projesti, sikurudishii mikono. Nataka isiendelee tu." Nikasema sawa. Unapolala kwenye kitanda kile unakubali kila kitu.

Kitu kimoja kilibadilika. Siku moja wodini nilipiga chafya, na ilikuwa imekwishapita ndipo nikagundua sikushika kisogo. Haikuuma. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia, "Afya." Nikaanza kulia, akadhani ni furaha. Nilikuwa nakufikiria wewe. Umeishi miaka yote ile duniani na hukuwahi kupiga chafya moja ya bure, wala kucheka masimulizi ya mume wako mpaka mwisho.

Mazuri yameishia hapo, Mama. Sitaki kukudanganya.

Kiwandani hawakunirudisha. Daktari aliandika nisibebe, nisiinue, nisishike kisu, na mtu wa hivyo kiwanda kitamfanyia nini? Masanja alinipa mkono getini, akasema, "Barafu, ungekuwa wangu ningekuweka ofisini." Hana ofisi naye. Sasa nafanya kibarua Kirumba, nageuza mapanki yanayoanikwa juani, pamoja na akina mama. Nageuza kwa fimbo. Kila jioni naikagua mikono yangu kwa macho, nje na ndani, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Mara nyingi nakuta jeraha ambalo sijui limetoka wapi. Nyama iliyokuwa kati ya kidole gumba na cha shahada imekwisha, pamebaki shimo. Vifungo vya shati nafungiwa na Nyanzala, yule wa meza ya visu, naye anakaa jirani. Ananitania kwamba mahari yake imekuwa vifungo. Ni mtu mwema. Sijamwambia lolote la maana na sitamwambia.

Nilirudi hospitali ya kilimani kabla ya Pasaka. Mfuko ule haujapungua, daktari anahofia umepanda. Alisema upo uwezekano wa kupasuliwa tena, lakini alilisema neno hilo akiwa anatazama dirishani. Sikumsukuma. Tangu mwezi uliopita maji yananipalia. Nainamisha kidevu, nakunywa kidogo kidogo. Ndizi nazo naziponda. Mwenye nyumba wangu alinikuta naponda akacheka, "Una mtoto humu ndani?" Nikacheka naye. Sasa naweza kucheka.

Haya. Habari ya Koku.

Wiki mbili zilizopita Ta Felisiani alikuja na ndizi kuuza, akaniulizia mpaka akanikuta Kirumba. Yule jirani yetu wa chini, bado ana kofia ileile. Nikamwamkia, nikauliza za nyumbani.

"Wazima wote. Baba yako anapalilia kama kijana. Na dada yako, ahaa, Koku amekuwa mama yenu mtupu."

"Kwa vipi?"

"Kwenye kipaimara cha mjukuu wa Ma Justina tulikuwa tunatafuta magunia ya kuepulia. Akaja Koku, akasema tokeni hapo. Akaepua kwa mikono mitupu, mwanangu. Tatu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka padri akatoka kutazama. Shemeji yako Deo sasa anatembea kifua mbele, anasema ameoa ukoo."

Akangoja nicheke. Alikuwa ameibeba habari ile toka ng'ambo kama zawadi.

Nikamwuliza, "Akipiga chafya, anashika kisogo?"

Akavua kofia. "Mimi nakuletea habari njema, wewe unauliza chafya?"

Nilitaka kumpa maneno ayapeleke, lakini haya si maneno ya kupeleka kwa mtu wa ndizi. Mwanamke anapigiwa vigelegele kwa mikono yake, halafu kaka yake anatuma salamu kutoka Mwanza kwamba mikono hiyo ni ugonjwa. Watasema nina wivu. Watasema mji umeniharibu kichwa, na kovu la kisogo watalionyesheana kama ushahidi. Lazima niwepo mwenyewe.

Nimemwuliza daktari. Amesema si kawaida kuwapata wengi wa tumbo moja, huenda Koku ana ngozi ngumu tu ya jembe na moto. Lakini hakunikataza kuogopa. Amesema kama yupo nao, aliyewahi ana nafuu kuliko aliyechelewa kama mimi. Alisema nafuu. Hakusema kupona, na mimi sitalisema neno hilo kwa Koku. Nitamwambia nini basi? Kwamba aache watoto wake wawili, apande treni, akatwe mfupa, ili mikono yake ife polepole badala ya upesi? Nimelifikiria hilo nikigeuza mapanki mpaka yanaungua upande mmoja. Sioni jibu zuri. Naona tu kwamba wewe hakuna aliyekuuliza, na yeye lazima aulizwe.

Ninavyo vichupa viwili, vya dawa ya kikohozi, nimevisafisha. Nitafanya alivyofanya daktari. Nitamkalisha nje penye mwanga, nimfumbishe macho, nimguse. Moto au baridi, Koku? Atacheka, atasema kaka amerudi na uganga wa Mwanza. Najua nitakavyosikia akianza kubahatisha. Nilibahatisha mwenyewe. Kuna kukawia kidogo kabla ya jibu, na sauti inapanda juu mwishoni kama mtu anayeomba radhi. Naombea nisiyasikie hayo. Ninavyoombea, nakumbuka zile sufuria tatu.

Uniwie radhi kwa barua ya namna hii. Wengine wanawaandikia marehemu wao habari za nyumba walizojenga. Hii nitakuja nayo mwenyewe, posta haifiki ulipo, nitakusomea pale kibanjani, kwenye kaburi lako, kama sauti itakuwa bado inatoka. Daktari amenikataza njia ya Busisi kwa sababu ya mashimo, anasema shingo hii haiwezi basi. Kwa hiyo nitapanda meli ya Alhamisi, nitalala sitahani chali na khanga yako chini ya kichwa, ile ya maua niliyoondoka nayo.

Nakuahidi mambo mawili, na yote ni madogo. Sitamtisha, nitamweleza taratibu kama yule mzee wa Kijita alivyoniuliza mimi. Na siku zote nitakazokuwa nyumbani, hakuna mtu wa tumbo lako atakayeshika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, hata kama kijiji kizima kimesimama kinangoja kupiga vigelegele. Nitakata majani ya mgomba niepue mimi, nikidondosha na nidondoshe.

Baki salama, Mama. Nitashuka Kemondo Ijumaa ya kwanza ya Agosti, asubuhi. Nitapita kwako kwanza nikuamkie, lakini siku hiyo sitakaa. Nataka nifike kwa Koku kabla ya chakula cha mchana, sufuria ikiwa bado iko motoni.

Mwanao,
Projesti